Kabla ya Kengele ya Kwanza: Kitabu Gani kwa Mtoto Gani

MKUTUBI: Karibuni tena, wasikilizaji. Mwenzangu leo kaingia studio na vumbi mikononi. Shule bado zimefungwa, mwalimu, ulikuwa wapi?

MWALIMU: Darasani, dada. Napangua kona ya vitabu. Miaka yote nilikuwa naipanga kwa ngazi, vyepesi chini, vigumu juu. Safari hii nimevishusha vyote sakafuni nikaanza upya.

MKUTUBI: Ngazi zina kosa gani? Mimi maktabani nazitumia.

MWALIMU: Zikinisaidia mimi kupima, hazina kosa. Shida ni mtoto akishajua kwamba yeye ni wa rafu ya chini. Mwaka jana nilikuwa na kijana mmoja, kitabu cha darasa anakisoma silabi kwa silabi, jasho linamtoka. Siku moja namkuta kakaa nje na kijitabu cha kutengeneza baiskeli. Kidole kinafuata mstari, anafika kwenye "mnyororo" hata hasiti, anarudi nyuma kutazama mchoro, anaendelea. Na maandishi yale yalikuwa magumu kuliko ya darasani!

MKUTUBI: Kwa sababu baiskeli anaijua.

MWALIMU: Ndiyo hasa. Na lilishapimwa hilo. Mwaka 1988, Marekani, watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 habari ya mchezo wa besiboli waisome, kisha waionyeshe upya kwa vinyago vya mbao kwenye mfano wa uwanja. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliwapita wasomaji hodari wasioujua.

MKUTUBI: Hapo nikusimamishe kidogo. Kuna mtoto ambaye herufi zenyewe hajazishika. Huyo hata umpe kitabu cha baiskeli, ataishia kwenye picha.

MWALIMU: Kweli kabisa. Watafiti Gough na Tunmer, mwaka 1986, waliliweka kama hesabu ya kuzidisha: kuelewa unachosoma ni uwezo wa kutambua maneno mara uwezo wa kuelewa lugha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri. Ndiyo maana wiki ya kwanza nakaa na kila mtoto peke yake. Ananisomea aya moja, halafu mimi namsomea nyingine, namwuliza inahusu nini. Akikwama kwenye yake lakini yangu akaielewa, tunarudi kwenye herufi na silabi. Akisoma mfululizo kama maji lakini hana la kusimulia, huyo anahitaji msamiati na mazungumzo.

MKUTUBI: Huyo wa pili ndiye anayetuponyoka. Anasoma kwa sauti nzuri, tunampigia makofi.

MWALIMU: Tunampigia makofi, naye anaondoka mikono mitupu. Linaniuma sana hilo, dada.

MKUTUBI: Na muda? Walimu watatuambia ratiba imejaa.

MWALIMU: Imejaa, ndiyo. Mimi natenga dakika 15 kila siku baada ya mapumziko. Kwa siku 5 ni dakika 75, na kwa wiki 36 za masomo ni saa 45. Kila mtoto anasoma alichochagua, nami nasoma changu mbele yao. Sisahihishi madaftari. Wakiniona nasahihisha, watajua kusoma ni kazi ya watoto tu.

MKUTUBI: Na aliyechagua kitabu kikamshinda?

MWALIMU: Nawafundisha vidole vitano. Fungua ukurasa wa katikati, kila neno usilolijua kunja kidole. Vidole vikiisha kabla ya ukurasa, kirudishe kwa sasa au kisome na mwenzako. Ila kama ni kitabu cha kitu anachokipenda, namwachia hata vidole vikiisha.

MKUTUBI: Ombi langu moja: geuza majalada yatazame darasa. Mgongo wa kitabu haumwiti mtoto asiyezoea vitabu.

MWALIMU: Nimeshageuza. Vimeenea 12 tu, kwa hiyo nitavibadilisha kila Jumatatu.

MKUTUBI: Haya, siku ya kwanza wameshaingia, wamekaa. Unaanza na sheria za darasa?

MWALIMU: Naanza kwa kuwasomea, kabla hata ya kuita majina. Nimeshaweka kikaratasi mahali pa kuishia, pale msichana anaposikia mlango unagongwa usiku na hakuna mgeni anayetarajiwa.

MKUTUBI: Halafu?

MWALIMU: Halafu nafunga kitabu, nakiacha mezani wanapoweza kukifikia.