Jogoo, Shoka na Mihimili Mitatu

WAKILI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mwalimu ameketi mahali pake pa kawaida na, kama mnavyomjua, ameshanisahihisha hata kabla hatujaanza kurekodi.

MWALIMU: Nimekusahihisha kwa sababu ulistahili. Endelea.

WAKILI: Leo tulikusudia kueleza jinsi ya kumfundisha mtoto namna Bunge, Rais na Mahakama, ile mihimili mitatu ya dola hapa Kenya, wanavyodhibitiana, na Mwalimu ameandaa mafunzo matatu. Hata hivyo, Jumanne jioni binti yangu wa Gredi ya Tano alikuwa akichora Nembo ya Taifa. Alipofika kwenye yule jogoo aliye katika ngao, aliweka penseli chini akaniuliza, “Baba, ikiwa mguu mmoja umeshika shoka, huyu jogoo anatembeaje?”

MWALIMU: Ulimjibu nini?

WAKILI: Nilitoa shilingi 20 mfukoni, ile sarafu yenye ndovu upande mmoja na Nembo upande wa pili, tukaiinamia chini ya taa bila kuona zaidi ya kijiti kilichojitokeza mbele ya kifua. Akaamua kumchora jogoo akiwa amekanyaga chini kwa miguu yote miwili, na shoka akaliegemeza pembeni. Shuleni akapewa alama za simba na za mikuki, lakini za jogoo akanyimwa.

MWALIMU: Hata mimi ningemnyima. Nembo ya Taifa inalindwa na sheria, na mtoto hana ruhusa ya kuirekebisha kwa kuwa amemhurumia kuku. Anapaswa kuwajua wale simba wawili, rangi za ngao, Mlima Kenya ulio chini yao pamoja na kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi, kisha utepe wa Harambee. Jogoo yule anasonga mbele na shoka lake, ishara ya alfajiri mpya na ari ya kufanya kazi.

WAKILI: Anasonga mbele kwa mguu mmoja.

MWALIMU: Wakili!

WAKILI: Nimenyamaza. Swali lake la pili ndilo lililonikosesha usingizi, kwa maana alitaka kujua kwa nini akachaguliwa jogoo ilhali tai yupo. Nikamweleza ukweli kwamba jogoo alikuwa pia alama ya KANU, chama kilichoshinda uchaguzi wa Mei 1963.

MWALIMU: Hapo ndipo ulipovuruga somo. Mtoto wa umri huo hajajua bado Seneti ni nini, nawe umeshampa siasa za vyama.

WAKILI: Mimi naona nimempa mlango wa kuingilia katika somo lenyewe. Kama hajui kwamba chama na taifa ni vitu viwili, nitamwelezaje sababu ya kugawanya madaraka? Mwaka 1982 Katiba ilibadilishwa, KANU ikawa chama pekee kisheria. Mwaka 1988 majaji wakaondolewa ulinzi wa ajira, ukarudishwa mwaka 1990, na mfumo wa vyama vingi ukaruhusiwa tena Desemba 1991. Katika miaka hiyo jogoo wa chama na jogoo wa taifa walikuwa wakiwika katika boma moja, na jaji aliyetaka kusema hapana alijua fika ni nani angeweza kumwondoa kitini.

MWALIMU: Hunielezi jambo geni, kijana wangu. Mimi nilikuwa darasani miaka hiyo, na kila bendera ilipopandishwa nilisimama wima pamoja na watoto wa watu ambao hawakukipenda chama hicho hata kidogo. Tulisimama kwa sababu bendera haikuwa ya KANU. Leo ukiingia mahakamani utaiona Nembo juu ya kiti cha jaji, na Kifungu cha 9 cha Katiba kinataja bendera, wimbo, nembo na muhuri wa umma kuwa alama za taifa, wala hakuna hata moja iliyo mali ya Rais. Mtoto akianza kwa kuishuku Nembo, ataishuku pia hukumu inayosomwa chini yake.

WAKILI: Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa Rais, je, watu waliikubali hukumu kwa sababu ya picha iliyo ukutani?

MWALIMU: Waliikubali kwa sababu walikuwa wamelelewa kuona kwamba kile kiti ni kikubwa kuliko anayekikalia, na picha iliyo ukutani ni sehemu ya malezi hayo.

WAKILI: Mimi nasema waliikubali kwa sababu ilikuwa na hoja. Chukua noti za mwaka 2019. Kifungu cha 231 kinakataza sura ya mtu binafsi kwenye fedha, noti mpya zikaja na KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, likiwa na sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta, kesi ikapelekwa Mahakama Kuu, na Benki Kuu ikalazimika kujitetea kuhusu picha. Huko ndiko kudhibitiana, na kulianza na mtu aliyeikagua noti kwa shaka.

MWALIMU: Na kesi ikatupiliwa mbali.

WAKILI: Lakini ilisikilizwa.

MWALIMU: Ilisikilizwa, na noti tunazo mifukoni. Mtu mzima aliyeisoma Katiba na ashuku atakavyo. Mtoto wa Gredi ya Tano aanze kwa kuchora kilichopo, mguu, shoka na yote.

WAKILI: Basi niambie anatembeaje.

MWALIMU: Sitakuambia.

WAKILI: Ndugu wasikilizaji, fundi mitambo ananionyesha vidole viwili, yaani dakika mbili zimebaki, nasi hatujagusa hata funzo moja kati ya yale matatu. Mwalimu, chagua mojawapo.

MWALIMU: La kwanza na la tatu tuyaache. La pili linahusu Kifungu cha 115: Bunge likishapitisha mswada, Rais ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha bungeni pamoja na maoni yake, na wabunge wasipokubaliana naye wanaweza kuupitisha tena vilevile kwa theluthi mbili ya kura. Mpe mtoto kalamu awe Rais, ndugu zake wawe Bunge, na mswada uwe wa saa ya kulala.

WAKILI: Kama Mswada wa Fedha wa mwaka 2024, ambao Rais alikataa kuutia sahihi tarehe 26 Juni.

MWALIMU: Siku moja baada ya maandamano ya kuupinga, kwa hiyo usiseme kwamba ulizuiwa na Kifungu cha 115 peke yake.

WAKILI: Sikusema hivyo, ila sahihi yake ndiyo iliyokosekana.

MWALIMU: Sahihi ilikosekana kwa sababu ya watu waliokuwa barabarani, na watu hao hawamo katika mihimili mitatu. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, na hilo ndilo lililokuwa funzo langu la kwanza.

WAKILI: Lile ulilosema tuliache. Muda wetu umekwisha, Mwalimu.