Jani la Vayoleti Limejikunja: Ni Maumbile Yake au Ni Maradhi?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mezani kuna vayoleti mbili za Afrika, yale maua madogo ya chunguni yenye majani ya vinyweleo. Ya kushoto majani yake yamejikunja kingo kuelekea juu. Ya kulia nayo yamejikunja, lakini kuelekea chini. Ya kushoto ni nzima, ndivyo aina yake ilivyo. Ya kulia ina utitiri, wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho, na isipotengwa leo itaambukiza dirisha zima. Tutaanza kwa kuzitofautisha, kisha tutaizalisha ile nzuri kwa jani lake.

Weka karibu kioo cha kukuzia cha mara kumi au zaidi, brashi laini, maji ya uvuguvugu, wembe mpya, kijiti cha kuchokolea meno na vikombe vya plastiki vinavyopitisha mwanga.

Hatua ya kwanza, safisha majani. Vumbi hukwama kwenye vile vinyweleo na kuficha dalili. Lishike jani kwa chini na kiganja, piga brashi kutoka kwenye kikonyo kwenda kwenye ncha. Ukiosha, maji yasiwe ya baridi. Maji yaliyopoa kuliko jani kwa nyuzi 5 hivi za Selsiasi huua seli za juu na kuacha pete za rangi hafifu ambazo hazitoki tena. Kwa walio Lushoto au Limuru, maji ya bomba ya asubuhi yanatosha kuleta madoa hayo, kwa hiyo yachote jioni na uyalaze ndani.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito, msiiruke. Zungusha chungu taratibu na utazame majani kwa safu: safu ya nje yenye majani ya zamani, safu ya katikati, na moyo wa mmea, yaani majani machanga yanayochipuka kati kabisa. Je, umbo lile la ajabu lipo safu zote? Kama jani la zamani kabisa na lile changa lenye ukubwa wa ukucha yana umbo moja, hayo ni maumbile, liache. Kama majani ya nje ni ya kawaida na moyo peke yake ndio umekunjamana, kuna tatizo, na limeanza hivi karibuni.

Sasa tutazame maumbo ya kuzaliwa, maana wengi hutupa mmea mzuri kwa kutoyajua. Porini, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu ya Usambara, majani ya vayoleti ni ya kijani kitupu, ya duara au ya umbo la yai. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, aliipeleka Ujerumani kutoka Tanga, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaipa jina la Saintpaulia ionantha. Maumbo ya ajabu yametokea baadaye, kwenye vitalu vya watu, kwa mabadiliko ya ghafla ya vinasaba na kwa kuchagua. Kwa hiyo usiende kung'oa mimea ya porini kule Amani, Usambara, au Mbololo, Taita, ukitafuta maumbo hayo: huko hayapo, na mimea yenyewe iko hatarini kutoweka.

Sogeza kamera hapa. Hili ni jani la aina inayoitwa "girl". Tazama pale kikonyo kinapoungana na jani: kuna doa jeupe au la kijani hafifu, na kingo zina mawimbi mafupi. Aina hii ilianza na 'Blue Girl', iliyochipuka kutoka kwa 'Blue Boy', aina ya vayoleti ya zamani, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Lile doa si ukosefu wa madini. Ukiongeza mbolea ili kuliondoa utaunguza mizizi bure.

Hili jingine ni la kijiko: kingo zimeinuka na katikati kumebonyea. Likimwagiwa maji kutoka juu, yanatuama na jani linaoza. Hili lenye meno na kingo zilizopinda chini, gumu kidogo ukiligusa, ni la aina ya "holly". Na hili, ligeuze uone mgongoni: pale chini, karibu na kikonyo, kuna kijani cha ziada kama jani dogo lililobandikwa nyuma. Watu huogopa sana wakiliona, lakini ni aina yake, na kwangu ndilo zuri kuliko yote. Likaushe vizuri tu baada ya kuosha, kwa sababu kile kifuko hushika maji.

Jani refu jembamba linawachanganya wengi, kwa kuwa mmea uliokosa mwanga nao hurefuka. Pima hivi: mmea wenye njaa ya mwanga hurefusha kikonyo na kuyainua majani juu, lakini bapa la jani linabaki na upana wake. Kwenye aina ya majani marefu ni bapa lenyewe lililo jembamba, hata mmea ukiwa chini ya taa masaa 12 kwa siku.

Yale ya rangi mbili, kijani na nyeupe, yana tabia yake. Mengi hupoteza weupe kwenye joto na kwenye mbolea yenye naitrojeni nyingi. Mmea ulionunuliwa Nairobi mwezi wa Julai ukafika Dar es Salaam Januari utakuwa kijani karibu mtupu. Haujafa wala hujauziwa feki. Subiri kipupwe, punguza naitrojeni, na majani mapya yatatoka na weupe.

Hatua ya tatu, kagua moyo wa mmea kwa kioo. Kuna mambo matatu yanayofanana kwa mbali.

Moyo umebana, majani madogo ni ya kijivu, yana vinyweleo vingi kuliko kawaida, na yanavunjika ukiyagusa: huo ni utitiri. Hutauona kwa macho, una kama robo ya milimita tu hata ukiwa mkubwa. Maji ya sabuni hayafiki unakojificha. Kama mmea si wa thamani, ufunge kwenye mfuko na uutupe pamoja na udongo wake. Kama ni wa thamani, tumia dawa yenye kiambata cha abamectin kutoka duka la pembejeo, kwa kipimo cha kwenye lebo, nje ya nyumba, na urudie kama lebo inavyoelekeza. Nawa mikono kabla ya kugusa mmea mwingine. Mmea mgeni wowote ukae peke yake wiki nne hadi sita.

Moyo umebana lakini una chembechembe za rangi ya kutu kwenye vinyweleo: hiyo ni chumvi ya mbolea iliyozidi. Pitisha maji ya uvuguvugu kwenye udongo, mara tatu au nne ya ujazo wa chungu, yachuruzike yote. Kisha shuka hadi robo kijiko cha chai cha mbolea ya 20-20-20 (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa) kwa lita 4 za maji.

Moyo umebana, rangi imepauka, na majani ya nje yameinama yakikumbatia chungu: jua limezidi. Hapa kwetu karibu na Ikweta, jua huhama upande. Dirisha la kusini lililokuwa salama mwezi wa Juni linachoma Desemba, na la kaskazini kinyume chake. Sogeza chungu au weka pazia jepesi.

Jani moja tu lenye ncha mbili, mengine yote sawa? Liache, au likate kama linakukera. Ila chungulia kwanza kwenye makwapa ya majani, pengine kuna chipukizi linalosukuma. Chipukizi lenye majani manne bila tumba la ua ling'oe kwa kijiti.

Hatua ya nne, kuzalisha. Chagua jani la safu ya pili au ya tatu. La nje kabisa limezeeka, na la moyoni halina nguvu. Livunje kwa kulisukuma pembeni. Kata kikonyo kwa wembe kwa mshazari, kibaki sentimita 2 na nusu. Ukate na theluthi ya juu ya jani, ili nguvu iende kwenye mizizi. Kwa jani la rangi mbili chagua lenye kijani kingi.

Changanya nusu perlaiti (zile chembe nyeupe nyepesi za kulegeza udongo) na nusu makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuoshwa chumvi. Loanisha, kamua kwa mkono: yakidondoka zaidi ya tone moja au mawili, yamezidi. Toboa kikombe chini, chomeka kikonyo sentimita 1 na nusu tu, funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Weka penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, nyuzi 21 hadi 24. Mizizi hutoka wiki ya tatu au ya nne, miche midogo baada ya miezi miwili hadi mitatu. Kikonyo kikigeuka cheusi na laini, maji yamezidi: kata tena hadi penye kijani na uanze upya na mchanganyiko mkavu zaidi.

Miche ikifikisha majani ya sentimita 2 au 3, itenganishe na upande kila mmoja kwenye chungu cha sentimita 5 au 6. Mche mweupe mtupu hauna uwezo wa kujitengenezea chakula, ukiutenga na jani mama utakufa. Uache hapo hapo hadi uonyeshe kijani.

Kumwagilia ni kwa kisahani chini, dakika 20 hadi 30, maji yanayobaki mwaga. Au tumia utambi unaonyonya maji kutoka chini hadi kwenye udongo, wa nailoni, si wa pamba, pamba huoza. Na mche usipoonyesha umbo la mama mapema usiung'oe: majani matatu au manne ya kwanza mara nyingi hutoka ya kawaida, hata kwa aina ya kijiko.