Namba tasa kubwa: tarakimu haziwi uthibitisho

Ndugu zangu, kila ikitangazwa namba tasa mpya, yaani namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, watu hukimbilia urefu wake. Oktoba 2024 ilipotangazwa 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, tuliambiwa ina tarakimu 41,024,320, basi, habari ikaishia hapo. Nimelipigia kelele jambo hili na sitaacha. Cha kuuliza ni kimoja: wamejuaje kwamba haigawanyiki?

Msiniambie kompyuta ilijaribu vigawo vyote. Haikujaribu, wala haiwezi; jua lingezimika kazi haijaanza kuonekana. Kilichosaidia ni umbo la namba yenyewe, yaani 2 yenye kipeo ambacho nacho ni namba tasa, ukatoa 1. Umbo hilo lina kipimo chake, alichokianzisha mwanahisabati Édouard Lucas, na mwenzake Lehmer akakiweka sawa: baki ya mwisho ikiwa sifuri, namba ni tasa; isipokuwa sifuri, si tasa.

Chukueni karatasi tupime 127, yaani 2⁷ − 1. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: ni 14. Fanya vilevile: 194, ambayo ukiigawanya kwa 127 baki ni 67. Tena: baki 42. Tena: 111. Tena, na hii ndiyo ya mwisho: 111 mara 111 ni 12,321, toa 2, ni 12,319, na hiyo ni 127 mara 97 kamili. Baki sifuri! Basi 127 ni tasa, na hatukuigawanya kwa 3, wala 5, wala 7, wala 11. Hatua ni 5, kipeo ukitoa 2. Ile ya 2024 inadai hatua 136,279,839. Ni nyingi, lakini zinahesabika.

Kuna mtu hapo anawaza: si tugawanye tu, tumalize? Kwa 127, sawa. Haya, gawanya 2⁶⁷ − 1. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Mersenne aliiorodhesha kuwa ni tasa. Mwaka 1876 Lucas akathibitisha kwamba si tasa, na hapa naomba mnisikilize: alithibitisha bila kuwa na kigawo hata kimoja mkononi! Vigawo alivitoa mwanahisabati Frank Nelson Cole mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287. Miaka 27 watu walijua namba inagawanyika, na hakuna aliyejua inagawanyika kwa namba ipi. Kwa nini mwanafunzi hafundishwi hili? Siri za RSA, njia ya kuficha ujumbe kwenye intaneti, zimesimama juu ya pengo hilohilo: kuitambua namba tasa ni kazi nyepesi, kuzipata tasa mbili zilizozidishwa ni kazi nzito.

Muda umenibana, namba kamilifu nazigusa tu. Zidisha 127 kwa 2⁶ upate 8,128, namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo kuliko yenyewe. Njia hiyo ni ya Euclid, na kila namba tasa ya umbo hili inakupa moja.

Mkifika nyumbani pimeni 2,047, yaani 2¹¹ − 1. Kipeo ni tasa, yenyewe ni 23 mara 89. Baada ya hatua 9 baki iwe 1,736. Mkipata nyingine, rudieni hesabu.