Kwa Nini Kulwa Hakula Keki: Jibu Langu kwa Mnaoniuliza

Mwadila jamani. Leo siku ya nne tangu tushuke uwanja wa ndege, niko nyumbani kwa mama, Luchelele, Mwanza. Nimekaa juu ya jiwe, ziwa hilo hapo nyuma yangu. Nilipanga nipumzike na simu kabisa, lakini tangu niweke ile video ya safari yetu ya Orlando, Marekani, kila nikifungua nakuta swali ni lile lile: "Mama Kulwa, mbona kwenye ile video Doto anakula keki na mwenzake kapewa kipakiti?"

Wengine mmesema nabagua mapacha wangu. Wengine mmesema nabana hela. Kuna aliyeandika kwamba nimekwenda Orlando kuringisha watu na hata hela ya keki ya pili sina. Na baba mkubwa, shikamoo, najua unaangalia, wewe ulimpigia mama simu kabisa ukamwambia anikalishe chini nikirudi. Basi nimerudi. Naomba mnisikilize hadi mwisho, maana naona nikinyamaza maneno yanazidi.

Sijaja kujisifu kwamba tumeenda bustani ya michezo. Ile safari niliilipia kwa zamu za usiku miezi kumi na moja, nawageuza wazee kitandani, nawaosha, asubuhi napeleka watoto shule ndipo nalala. Tiketi ya siku moja kwa mtu mmoja inapita dola 100. Mtoto wa chini ya miaka 3 anaingia bure, lakini wangu wana 6, na bei ya mtoto na ya mtu mzima zinapishana kidogo tu. Watoto wawili, mimi, baba yao. Hapo hujala.

Sasa Kulwa ana aleji ya karanga. Wa nyumbani mnajua, iligundulika ana miaka miwili, usiku ule wa ambulensi nimeshausimulia, sirudii. Ambacho sijawahi kusema ni yaliyofuata baada ya usiku ule, yaani makaratasi. Kipimo cha aleji, kampuni ya bima ikakataa kulipa kwa sababu karatasi moja ilikosa namba fulani ambayo kliniki ndiyo ilitakiwa kuiandika. Kliniki wanasema nenda bima, bima wanasema rudi kliniki. Miezi saba. Mwisho nikalipa mwenyewe, kwa sababu deni lilikuwa linaelekea kuharibu rekodi yangu ya mikopo. Halafu kuna sindano ya adrenalini, ile ya kumchoma pajani akianza kuvimba. Lazima ziwe mbili muda wote. Shule wanataka za kwao, na mimi za kwangu kwenye mkoba. Bila bima, jozi moja ni mamia ya dola, na baada ya mwaka au mwaka na nusu muda wake unaisha hata kama hujaigusa, unatupa, unanunua tena. Na kila mwaka fomu mpya ya shule, daktari asaini, mzazi asaini. Mkiniona kwenye picha nimevaa vizuri mjue mkoba ule una sindano mbili na barua ya daktari.

Haya, siku yenyewe. Sitataja bustani ipi, Orlando ziko kadhaa na sitaki ugomvi na mtu. Mgahawa ulikuwa wa bufee, unalipa mara moja unajipakulia, zaidi ya dola 40 kwa mtoto mmoja. Niliweka nafasi miezi miwili kabla, na kwenye fomu nikaandika kwa herufi kubwa: aleji ya karanga. Tumefika, mhudumu akamwita mpishi, mpishi akaja mwenyewe mezani. Na huyu kaka namsifu, alinitendea haki. Akanizungusha kwenye chakula: wali huu sawa, kuku huyu sawa, viazi sawa, samaki sawa. Kulwa akachagua vitu vinne, kafurahi. Tukafika meza ya vitu vitamu, yule mpishi akasimama. Akaniambia, "Mama, hapa siwezi kukuhakikishia chochote."

Mimi nikaangalia ile meza na nikaelewa kabla hajamaliza. Keki ndogondogo, biskuti, vikombe vya krimu, na biskuti za siagi ya karanga ziko katikati. Kila sahani ina koleo lake, ndiyo, lakini nimesimama pale dakika mbili tu, nimeona mtoto wa watu anachukua biskuti ya karanga kwa koleo, analitupa kwenye sahani ya keki, anaondoka. Nani wa kumlaumu? Ni mtoto. Kwenye aiskrimu ni hivyo hivyo. Kile kijiko cha kuchotea kinazamishwa kwenye kopo la maji, kinatoka kwenye aiskrimu ya karanga kinaingia kwenye vanila, maji ni yale yale. Kwa Doto ni vanila. Kwa Kulwa ni ambulensi.

Mpishi akaenda kumtafutia Kulwa kitamu kingine, tukasubiri zaidi ya nusu saa. Mpishi akarudi, kavaa glavu mpya, ameshika mkasi uliotoka kuoshwa na pakiti moja iliyofungwa. Akaigeuza nisome maandishi yote nyuma, nikasoma mara mbili, ndipo akaikata mbele yangu. Biskuti mbili kavu, na kikombe cha barafu ya juisi. Hicho ndicho kipakiti mlichokiona. Doto alikuwa ameshachukua keki yake ya chokoleti. Kulwa akaangalia keki, akaangalia pakiti, akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nimekosa nini?"

Video niliyoweka haina hayo. Ina sekunde arobaini tu, Doto anacheka na chokoleti mdomoni, Kulwa na kipakiti chake. Kosa langu ni kuiweka bila maelezo, nalikubali. Lakini kumbagua Kulwa? Kulwa nimemshikilia kwenye ambulensi anahangaika kupumua. Neno hilo liliniuma sana, naomba mlirudishe.

Na hela, mnaosema nabana: Kulwa alilipiwa bei ile ile kamili ya Doto. Juu yake kodi, maana kule bei ya kwenye menyu siyo utakayolipa, kodi inaongezwa kwenye risiti. Juu yake bakshishi ya mhudumu. Nimelipa bei ya meza nzima ya vitamu kwa biskuti mbili kavu.

Kinachonikera siyo mpishi. Ni kwamba kwenye chakula wamefikiria, mtoto mwenye aleji ana vitu vinne vitano vya kuchagua. Kwenye kitamu wamechoka. Karibu kila mahali tulipokwenda jibu lilikuwa barafu ya juisi. Na kwa mtoto wa miaka sita, siku ya bustani ya michezo, hicho kitamu ndicho chakula. Wali atausahau. Atakachokumbuka ni keki aliyokosa.

Mtasema kule si kuna sheria? Ipo. Ya Marekani inataka chakula cha pakiti kitaje vitu vikuu vinavyoleta aleji, viko tisa: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, korosho na jamii yake, karanga, ngano, soya, na ufuta ulioongezwa tangu Januari 2023. Lakini ni ya pakiti. Cha mgahawani, kinachopakuliwa kwenye sahani, sheria hiyo haikigusi. Na hata kwenye pakiti, yale maneno "huenda ina chembe za karanga" ni hiari ya kiwanda. Yasipokuwepo siyo lazima iwe salama. Ndiyo maana nasoma, halafu napiga simu kiwandani. Baba yake hucheka. Mimi napiga.

Wazazi wenzangu kule ambao watoto wao hawana aleji wanalalamikia sukari, na nawaelewa. Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri mtoto kuanzia miaka 2 asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko vidogo sita. Soda moja ya kopo imeshazipita. Sasa weka soda, weka keki, weka lile bomba la pipi analouziwa kwenye foleni ya bembea. Halafu ona mzazi anavyobanwa: kitamu kimeshalipiwa ndani ya bei, ukimkataza mtoto wewe ndiye mbaya, na hela umepoteza.

Disney, kwa mfano, wenye bustani kubwa pale Orlando, nao nawasema kwa haki. Tangu 2006 walitangaza kwamba milo ya watoto ije na matunda au mboga na maziwa, maji au juisi, na chipsi na soda mpaka mzazi aombe. Hilo zuri. Na Mswahili akienda pale atashangaa. Ndani ya Animal Kingdom, bustani yao yenye wanyama, kuna kijiji kizima kinaitwa Harambe, vibao vya Kiswahili. Kwenye hoteli yao ambayo wageni wanaona wanyama nje kuna jengo la Jambo House, mgahawa mmoja unaitwa Boma, mwingine Jiko. Watoto wangu walicheka sana kusikia watu wamevaa suti kwenda kula Jiko. Lakini na pale uliza. Pale Boma kuna kitamu maarufu, vidude vya chokoleti vyenye mistari kama pundamilia, na resipe waliyoitoa wenyewe kwa umma ina Amarula, ile pombe ya krimu. Ndiyo, Amarula hiyo hiyo ya dukani. Mtoto anaona chokoleti tu. Muulize mpishi kwanza.

Mimi sasa nabeba chakula. Disney wanaruhusu kuingia na chakula chako, mradi usiwe na chupa za kioo wala pombe. Bustani nyingine ukieleza mlangoni kwamba mtoto ana aleji wanakuelewa, lakini jisomee masharti yao kabla, usije ukasema Mama Kulwa alisema. Hii ni ya kwangu, kwa mtoto wangu, mimi siyo daktari. Kuna mtoto aleji yake ni ya maziwa, kuna wa mayai, na kuna anayewashwa kidogo tu akapona. Mwenzako akikwambia wake anakula, usimpe wako.

Kuhusu hapa nyumbani, mnauliza nimewezaje kumleta Usukumani, huku karanga ziko kwenye mboga, kwenye mlenda, kwenye kashata za stendi ya Nyegezi. Niliogopa, sifichi. Kinu cha hapa kimetwanga karanga tangu mimi mdogo. Nilimwandikia mama ujumbe mrefu kabla hatujapanda ndege, nikajua atasema tumekuwa Wazungu. Nimefika nimekuta amenunua sufuria mpya ndogo, mwiko, sahani mbili na vijiko viwili, na kila mpini ameufunga uzi mwekundu. Kinu amekipeleka kwa jirani. Mama mdogo alikuja jana na kashata kwenye mfuko, mama akampokea getini, akamnawisha mikono hapo hapo kwa sabuni, mfuko ukaishia nje. Mama mdogo alinuna kidogo, nilimwona. Mama mdogo, wabeja sana kwa kutonikasirikia, nitakuja Jumapili.

Na vitamu vyao huku ni nanasi la Sengerema, machungwa ya Ukerewe, na matobolwa. Matobolwa ndiyo yamewateka. Viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa vikaanikwa, unatafuna kama pipi. Bibi aliyaanika mwenyewe kwenye jiwe hili hili nililokalia, pembeni kabisa, mbali na karanga za mtu yeyote. Kulwa kayaonja, akamwangalia Doto, akauliza, "Na Doto anakula haya haya?" Bibi akamjibu, "Haya haya, sahani moja."

Nimewaletea ile sahani muione. Hii hapa. Imebaki vipande vitatu na wanagombania, mnawasikia hapo nyuma. Ngoja niwaamulie, simu yenyewe ina chaji asilimia nne.