Salfa ya Upande wa Barabarani

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Hamisi, macho mekundu hivyo, ulilala kweli?

HAMISI: Shikamoo kwanza, dada.

ZUHURA: Marahaba. Haya, macho?

HAMISI: Salfa hiyo, poda ya kupulizia mikorosho. Nimeingia jana kutoka Newala, huko Mtwara, kwa mama mkubwa. Kule unaamka saa kumi alfajiri, maana poda inashika majani wakati umande upo. Jua likitoka na upepo ukaanza, unapulizia hewa tu. Mjomba kabeba mashine mgongoni, mimi najaza tangi, mama mkubwa yuko mbele na tochi. Umejifunga khanga puani na bado inakukuta.

ZUHURA: Waambie na wa mjini: usipopulizia?

HAMISI: Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Ua linakuwa jeupe kama limepakwa unga wa muhogo, linakauka, linadondoka. Mkorosho unaupita njiani unausifia, majani tele. Korosho utazihesabu kwa vidole.

ZUHURA: Sasa mimi nimekuja na makaratasi yangu.

HAMISI: Nilijua tu.

ZUHURA: Vumilia. Korosho ghafi ikitoka nchini inalipiwa ushuru: asilimia 15 ya thamani yake bandarini, au dola 160 kwa tani, inachukuliwa iliyo kubwa. Sheria ilikuwa inasema asilimia 65 ya fedha hiyo irudi kwenye zao lenyewe, yaani pembejeo, miche, utafiti wa pale kituo cha Naliendele. Hazina inabaki na 35. Juni 2018, ndani ya Sheria ya Fedha, kifungu kikabadilishwa. Zote zikaenda Mfuko Mkuu wa Serikali.

HAMISI: Wabunge wa kusini walipiga kelele ile wiki.

ZUHURA: Hadi mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti, Hawa Ghasia, naye alikuwa mbunge wa Mtwara Vijijini. Ikapita hivyo hivyo.

HAMISI: Lakini dada, simamisha mtu yeyote Tandahimba umuulize habari za 2018. Atakuambia malori ya jeshi. Oktoba wakulima waligoma mnadani, bei ilikuwa ya kuwadharau. Novemba Rais Magufuli akasema Serikali inanunua zote, shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi libebe. Hiyo ndiyo 2018 yetu. Kifungu gani, wala hatujui.

ZUHURA: Hilo ndilo linaloniuma! Bei kila mtu anaisikia, kifungu hakisikiki. Msimu wa 2017/18 tulivuna zaidi ya tani 313,000. Uliofuata zikawa kama 225,000.

HAMISI: Hapo nakukatalia. Sheria inapitishwa mwisho wa Juni, mikorosho ilishaanza kuchanua. Mvua nayo ina yake. Usiitwike sheria mzigo wote.

ZUHURA: Haya, msimu huo nakuachia. Na iliyofuata? Mavuno hayakurudi haraka, na mfuko wa salfa nani alikuwa anaulipia?

HAMISI: Sisi. Mwaka mmoja mama mkubwa aliuza mbuzi wawili. Ikapatikana salfa ya nusu shamba, tukapulizia upande wa barabarani, wa bondeni tukauacha. Ungeona msimu ulipofika. Huku watoto wanaokota mabibo ndoo kwa ndoo, ukivuka kimfereji tu, kimya. Mtu akadhani ni shamba la watu wawili.

ZUHURA: Baadaye ruzuku ikarudi. Miaka hii salfa mkulima anapewa bure, mradi amesajiliwa. Na msimu wa 2024/25 zikavunwa tani 528,000. Sisemi ni salfa peke yake, usije ukanikatalia tena.

HAMISI: Bure ndiyo. Inafika lini? Chama chetu cha msingi cha ushirika, sikitaji jina maana nina ndugu humo, mwaka mmoja mgao ulikuja maua yameshaungua. Na kwenye orodha kulikuwa na marehemu wa tangu mwaka juzi yake, kaandikiwa mifuko minne.

ZUHURA: Mungu amrehemu. Alipulizia wapi?

HAMISI: Muulize katibu.

ZUHURA: Tarehe nazo ni tatizo. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Wewe mzunguko wa kwanza unaweka lini?

HAMISI: Juni, ukichelewa sana.

ZUHURA: Basi bajeti ya Juni hii haikusaidii wewe. Salfa ya msimu huu ilitakiwa iwe imepangiwa fedha Juni ya mwaka jana. Hilo ndilo la kumbana mbunge wako akija kuomba kura. Barabara muulize baadaye.

HAMISI: Barabara usiiguse, wewe hujapita ile ya Newala kwenda Masasi na magunia.

ZUHURA: Ya korosho?

HAMISI: Korosho nipite nazo wapi, nionekane kangomba, mnunuzi wa magendo? Zinakwenda ghala la ushirika, mnada ndio unaamua. Ni makopa ya mama mkubwa, mihogo mikavu, magunia matatu. Kizuizini kijana anataka ushuru.

ZUHURA: Hukutakiwa kulipa. Tangu 2017 mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hauna ushuru wa mazao. Na pale unapodaiwa, ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara, 2 kwa ya chakula, na wa kulipa ni mnunuzi.

HAMISI: Sasa unaniambia! Nilitoa ya soda tukapita.

ZUHURA: Umempa na risiti akakupa?

HAMISI: Dada, tuendelee.

ZUHURA: Haya. Unarudi lini huko?

HAMISI: Ijumaa, mzunguko wa pili. Imebaki mifuko miwili.

ZUHURA: Itatosha?

HAMISI: Upande wa barabarani.