Sindano Si Dawa ya Betri Iliyovimba

Asanteni, mafundi simu. Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ameshanitupia jicho la "leo usituletee tena ile hadithi ya sindano". Nitaileta. Wengine wenu mmeisikia mara tatu, lakini juzi nimepita kibandani kwa mmoja wenu nikaikuta sindano imechomekwa kwenye sponji, inasubiri mgonjwa. Kwa hiyo mnivumilie.

Nilikuwa fundi simu miaka minne, na betri zilizovimba nilikuwa nazitibu. Ndivyo nilivyoita, kutibu. Unaibandua, unaitoboa pembeni, pssss, unaikandamiza chini ya kitabu, unaziba kwa selotepu, unairudisha. Kava linafunga, mteja anafurahi. Nilifanya hivyo mara saba. Ya nane ililetwa na mama muuza samaki, kioo cha simu kimenyanyuka upande mmoja kama chaza. Akaniambia, "Mwanangu, nina wateja wananipigia, fanya haraka." Simu imetoka kwenye chaji muda huohuo, asilimia 100. Nikatoboa. Kwanza ikaja harufu tamutamu, kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nikajisemea, upepo huo unatoka. Mara ikapata joto vidoleni, ikafuka moshi, na kabla sijaiweka chini ulimi wa moto ukachomoza palepale nilipotoboa. Nikairusha. Ikatua juu ya simu za watu watatu. Kovu hili hapa, mliokaa mbele mnaliona. Mama wa watu alisimama nje na ndoo yake ya samaki, ananiuliza, "Sasa laini yangu iko wapi?"

[Kicheko]

Chekeni, chekeni. Laini niliitoa mapema, hilo tu ndilo nililofanya sawasawa siku ile.

Sasa kila nikisimulia, fundi mmoja huniuliza: mbona zile saba zilikubali? Kwa sababu zilikuwa zimeisha chaji, basi. Ndani ya betri mna karatasi mbili za metali, ya shaba na ya alumini, zimepakwa dawa zake na kukunjwa pamoja, na kinachozitenga ni utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Sindano ikipita, zinagusana, na umeme wote uliomo unageuka joto. Betri iliyoisha chaji ina kidogo tu cha kutoa. Iliyojaa inacho. Ule utando unayeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi, panapogusana panazidi kupanuka, joto linazaa joto. Na kimiminika cha ndani si maji ya betri ya gari, kinawaka. Huo mnaouita upepo nao ni gesi inayotokana na kimiminika hicho kikiharibika, nayo inashika moto vilevile. Unatoboa mtungi, fundi!

Lakini si ile ya nane inayoninyima usingizi, ni zile saba. Ziliondoka na selotepu yangu, unyevu wa pwani hii unapenya kidogokidogo, mwenye simu anaichomeka usiku kwenye godoro, karibu na mto, akijua kwamba fundi ameitengeneza. Hakuna hata moja iliyorudi kwangu nikaiona tena.

Najua yuko anayesema moyoni, "Hayo ni mambo ya simu feki." Haya. Mwaka 2016 Samsung walitoa Note 7. Zikaanza kuwaka moto, wakatangaza kurudisha simu milioni 2.5, wakawapa watu nyingine zenye betri za mtengenezaji mwingine, nazo zikawaka. Wakaacha kabisa kuitengeneza simu ile. Januari 2017 wakaeleza sababu: kwenye betri za kwanza kona moja ilikuwa imebanwa, na kwenye zile za pili kulikuwa na vichembe vya kuchomelea vilivyobaki vimechongoka. Vichembe tu! Wewe umeshika sindano nzima.

Na babu anayejivunia simu ya kitochi asitabasamu. Mwaka 2007 Nokia walitoa onyo kuhusu betri milioni 46 za BL-5C, kwamba zingeweza kuchemka zikiwa kwenye chaji. Ndiyo, BL-5C hiyohiyo mnayoitia kwenye redio ndogo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka.

Betri za tochi zile nene, 18650. Mkiona zimeandikwa 9900 mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba, mjue aliyeandika ni mwongo. Betri ya kimo kile iliyo nzuri huwa 3500 hivi. Aliyedanganya namba sijui kwa nini mnamwamini kwenye mengine. Pawabenki: ukipanda ndege iwe kwenye begi la mkononi, isiende kwenye mizigo ya chini, maana ikiwaka huko nani ataiona? Bloa, ile ya hewa ya moto: acheni kuipuliza nyuma ya simu palepale betri ilipo. Nilikuwa na la chaja pia, liache.

La moto siliruki. Simu ikiwaka, chomoa ukutani kwanza kama unaweza kufika, kisha maji, mengi. Wapo watakaosema maji na umeme haviivi chungu kimoja. Ukishachomoa, mle ndani mna volti nne tu, haziui hata mende. Mchanga unafunika moto lakini haupozi, na betri hii ikishachachamaa inajitengenezea oksijeni yake yenyewe. Inataka kupozwa. Na usiuinamie ule moshi, ni sumu.

Maswali. Wewe kaka wa shati la bluu... hapana, usiniletee huku mbele. Hiyo kava mbona imebinuka? Tangu lini? Tangu Ramadhani! Na asubuhi umeiweka kwenye chaji? Izime. Usiibonyeze, usiketi nayo mfukoni. Peleka taratibu pale mlangoni, kuna ndoo ya mchanga, ilaze juu, kisha urudi tuongee habari ya betri mpya.