Alitunguliwa au Alianguka? Kumbukumbu za rubani wa vita na karatasi zake

Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini na ameshanionyesha saa yake mara mbili kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo salamu ndefu tuziache. Walionisikia zamani wanajua naanzia wapi. Naanzia jangwani Misri, na nitakaa huko muda mrefu, mnisamehe.

Tarehe 19 Septemba 1940, jua likizama, ndege ya kivita aina ya Gloster Gladiator ilijibwaga kwenye mchanga karibu na Mersa Matruh ikawaka moto. Rubani alikuwa Roald Dahl, ametimiza miaka 24 siku sita tu nyuma. Baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto, wenye watoto wanaosoma mnajua, sipotezi muda. Mwaka mmoja kabla ya hapo kijana huyo alikuwa hapa hapa Dar es Salaam, mwajiriwa wa Shell, anazungumza Kiswahili. Vita vilipoanza akaendesha gari hadi Nairobi kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza, akafundishwa kwa ndege ya mafunzo ya Tiger Moth, akaachiwa kuruka peke yake baada ya saa 7 na dakika 40 za mafunzo. Kutoka hapo akapelekwa Habbaniya, Iraq, kisha Misri. Siku ile alikuwa anaipeleka Gladiator kwenye kikosi chake kipya, Skwadroni ya 80, jangwani.

Sasa swali langu la kila siku: alitunguliwa au alianguka? Kiswahili kimetupa bahati hapa. Kuanguka ni shauri lako, kuangushwa kuna mkono wa mtu, na kutunguliwa ni adui aliyekulenga akakupata. Vitenzi vitatu, na kila kimoja ni historia nyingine.

Simulizi la kwanza lilichapishwa Agosti 1942 katika jarida la Marekani la Saturday Evening Post. Kichwa chake kilisema rubani alitunguliwa juu ya Libya. Nimesema ndege iliangukia wapi? Mersa Matruh. Mersa Matruh iko Misri! Na adui hakuwapo. Hakuna Mtaliano aliyefyatua hata risasi moja. Risasi pekee zilizolia jioni ile ni za Gladiator yenyewe, moto ulipozifikia na kuzilipua, wakati rubani anatambaa mchangani, fuvu limepasuka, pua imebondeka, macho hayaoni.

Simulizi la pili ni lake mwenyewe akiwa mzee, miaka ya 1980. Hapo anakubali kwamba hakutunguliwa. Anasema alijaza mafuta kwenye kiwanja cha Fuka, akaelekezwa mahali kiwanja cha kikosi chake kilipo, kama maili 30 kusini ya Mersa Matruh, akafika akakuta mchanga mtupu. Mafuta yakawa yanakwisha, giza linaingia, akajaribu kutua, magurudumu yakagonga jiwe. Kosa, anasema, lilikuwa la aliyempa maelekezo.

Simulizi la tatu limo kwenye kumbukumbu za kikosi, na limeandikwa kwa ukavu kabisa: rubani hakuzoea kuruka juu ya jangwa, akatua kwa dharura maili mbili magharibi ya Mersa Matruh, kutua hakukufaulu, ndege ikaungua. Basi. Hakuna adui, na hakuna mtu aliyempotosha.

Najua kuna mtu pale nyuma anasema moyoni, "Aa, basi mzee alikuwa mwongo." Tulia. Makala ya 1942 iliandikwa wakati Uingereza inahitaji mashujaa, kwa ajili ya wasomaji wa Marekani, na kichwa cha habari hakipangwi na rubani. Na huyu ni mtu aliyepasuka fuvu, akakaa hospitali Aleksandria miezi mitano. Ukigonga kichwa namna ile, dakika za kabla na za baada haziji kwa mpangilio. Hata jambo kubwa kama rubani mwenzake, aliyekuwa anaruka naye kwenye Gladiator nyingine, akatua salama jirani na kukaa naye usiku ule, limetoweka katika simulizi la uzeeni. Mzee anasimulia yuko peke yake kabisa. Huo si uongo wa kawaida, kwa sababu hakuna anachojipatia kwa kumfuta mwenzake. Kumbukumbu imebakiza moto, imemtupa mtu.

Wala karatasi ya kikosi si msahafu. Aliyeandika kwamba rubani hakuzoea jangwa alikuwa na bosi, na bosi hapendi kusoma kwamba kikosi kilitoa maelekezo mabovu. Tufanye hesabu ya mabaharia na marubani: ukikosea mwelekeo kwa digrii moja, kila maili 60 unazokwenda zinakupeleka pembeni maili moja. Gladiator ikienda maili 200 kwa saa, dakika 50 ni kama maili 167. Digrii moja ni karibu maili 3 pembeni. Upepo wa ubavuni ukikusukuma digrii tano, uko maili 14 mbali na kiwanja. Na kiwanja chenyewe ni nini? Mahema machache yaliyofichwa yasionekane kutoka juu, soksi ya upepo, na ardhi iliyofagiliwa mawe. Hakuna taa wala lami. Kwa hiyo maelekezo mabovu yanawezekana, na ugeni wa rubani unawezekana, na vyote viwili kwa pamoja vinawezekana zaidi. Kinachoondoka kabisa mezani ni kutunguliwa.

Nimekaa sana hapo, najua. Ila mtu akielewa kisa hiki ameelewa nusu ya mhadhara.

Nusu nyingine ni mwili. Watu wanamhoji rubani kana kwamba alikuwa amekaa kwenye kiti cha mkutano. Hurricane na Spitfire, ndege za kivita za Uingereza za 1940, zilikuwa na bunduki 8 za Browning, kila moja ikitema zaidi ya raundi 1,100 kwa dakika. Spitfire ilibeba raundi 300 kwa kila bunduki. Gawanya. Ni kama sekunde 15 za kufyatua, basi, umebaki na kelele ya injini. Tena rubani hafyatui sekunde 15 mfululizo. Anabonyeza sekunde mbili, tatu, anapinda. Ukipinda kwa nguvu, uzito wa mwili unafika mara nne au tano ya kawaida, damu inashuka kutoka kichwani, rangi zinafifia, unabaki kuona kama uko ndani ya bomba, halafu giza. Huku fahamu bado unazo! Sasa mtu huyu unamuuliza, "Ile ndege uliyoipiga ilianguka wapi?" Hakuiona. Alikuwa kipofu sekunde tatu, akifungua macho ameshapita karibu nusu kilomita na anaangalia nyuma yake mwenyewe.

Kuna na hewa. Ukipanda futi 15,000 bila oksijeni ya kutosha, mrija umechomoka au vali imeganda, huhisi kukosa pumzi kama mnavyodhani. Unajisikia raha. Unajiona hodari. Hesabu inakataa, na unayoyakumbuka baadaye ni ya mlevi anayeamini hakulewa. Kwa hiyo rubani mzee akisema "siku ile nilikuwa sina hofu hata chembe," muulize kwanza alikuwa urefu gani na oksijeni ilikuwaje.

Haya ndiyo yaliyoleta aibu ya 15 Septemba 1940. Redio na magazeti ya Uingereza yalitangaza ndege 185 za Wajerumani zimetunguliwa siku moja. Hesabu ya baada ya vita, kwa karatasi za Wajerumani wenyewe, ni 60 hivi. Mara tatu! Nani alidanganya? Hakuna wa kulazimisha kumtafuta. Ndege moja ya mabomu inashambuliwa na marubani wanne, kila mmoja anaiona inatoa moshi, kila mmoja anaripoti nyumbani kwamba ni yake. Na Messerschmitt 109, ndege ya kivita ya Wajerumani, ilikuwa na tabia moja iliyowapoteza wengi: rubani wake akisukuma kaba, yaani mkono wa kuongeza nguvu ya injini, hadi mwisho na kupiga mbizi, bomba zilitema moshi mweusi mzito. Anayemfukuza anaona moshi, anaona ndege inaelekea chini, anaandika "imeteketea." Mwenzake yuko chini kule amenyoosha, anarudi Ufaransa kula chakula cha jioni. Kumfuata asingeweza kwa urahisi, kwa sababu injini ya Merlin ya Hurricane na Spitfire wakati ule ilitumia kabureta ya boya: ukisukuma pua chini ghafla, mafuta yanapanda juu ya bakuli, injini inakohoa na kukatika. Ya Mjerumani ilidungwa mafuta moja kwa moja kwenye silinda, haikujali. Mhandisi Beatrice Shilling wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, ndiye aliyepunguza tatizo hilo mwaka 1941 kwa kidude kidogo cha chuma chenye tundu lililopimwa kuzuia mafuta yasifurike. Kipande cha kutoshea kwenye kiganja.

Sasa mwenye kupinga ananyanyuka tena: "Mzee alikuwepo, wewe hukuwepo." Kweli kabisa, sikuwepo. Lakini mafundi wake walikuwepo, na hakuna anayewauliza! Matundu ya bunduki mbawani yalibandikwa vitambaa kabla ya kuruka, kuzuia vumbi na barafu. Risasi ya kwanza inavitoboa. Ndege ikirudi, upepo unapiga mluzi kwenye matundu yaliyo wazi, na fundi wa silaha aliyekaa kwenye nyasi anajua kabla magurudumu hayajagusa ardhi kwamba leo kijana wake amefyatua. Halafu yeye ndiye anayejaza mikanda upya, kwa hiyo yeye ndiye anayejua raundi ngapi zimetoka. Idadi hiyo inaingia kwenye ripoti ya mapigano, ile ambayo rubani anajaziwa na ofisa wa upelelezi akiwa bado jasho halijakauka. Mzee akikwambia miaka hamsini baadaye alimaliza risasi zote, na ripoti inasema raundi 600 kati ya 2,400, usimkatize. Andika zote mbili, halafu muulize ni siku ipi nyingine alimaliza zote. Mara nyingi ipo. Kumbukumbu imeunganisha siku mbili kuwa moja.

Daftari la rubani, haraka haraka. Tarehe, aina ya ndege, namba ya ndege, rubani, abiria au mwanafunzi, kazi ya safari, saa za mchana, saa za usiku. Saa za usiku kwa wino mwekundu. Kila mwisho wa mwezi jumla inapigwa na mkubwa anatia sahihi. Kosa linalowaangusha wanafunzi wangu kila mwaka ni saa: kitabu cha kikosi kinaweza kufuata saa ya Greenwich, daftari la rubani saa ya kambini, na mzee anakumbuka jua. Kabla hujatangaza kwamba umegundua uongo, angalia kama hujagundua tofauti ya saa.

Na pale karatasi zilipopotea? Rudi kwa Dahl. Aprili 1941 yuko Ugiriki na Hurricane. Tarehe 20 wanapigana juu ya Athens. Yeye alikumbuka Hurricane 12 zikiruka; masimulizi mengine ya siku hiyo yanasema 15. Alikiri kwamba katika vurugu ile hakuna rubani aliyejua kwa hakika amemtungua nani. Siku hiyo hiyo akafa Pat Pattle, Mwafrika Kusini, ambaye huenda ndiye aliyeongoza kwa idadi ya ndege alizotungua katika Jeshi zima la Anga la Uingereza. Huenda, kwa sababu kumbukumbu za vikosi ziliteketezwa au kupotea wakati wa kukimbia Ugiriki. Wapo wanaompa ndege 40 na ushei, wapo wanaompa zaidi ya 50. Atakayewatajia namba kamili bila kusita, muulizeni ameipata wapi.

Mwenyekiti, nimekuona. Nilitaka kueleza marubani wa Afrika Kusini waliopigana kutokea Kenya, tuiache. Niseme la kuhoji tu.

Usianze na "ulitungua ngapi." Anza na mikono. Spitfire za mwanzo zilikunja magurudumu kwa pampu ya mkono iliyokuwa upande wa kulia. Rubani akishapaa anabadilisha: mkono wa kushoto unaacha kaba unashika usukani, wa kulia unapampu. Mgeni anapampu huku mkono wa kushoto unafuata bila yeye kujua, basi ndege inapanda na kushuka kama inaitikia salamu. Mwambie mzee akuonyeshe alivyokunja magurudumu. Mikono ikibadilishana yenyewe, uko na mtu aliyeketi mle ndani. Kutoka hapo muulize aliona nini kwenye kioo, alisikia nini masikioni, nani alikuwa kushoto kwake. Hesabu ya ndege iache siku ya tatu.

Na kwetu: aliyekuwa na miaka 25 Vita vya Kagera vinamalizika 1979 sasa ameshapita 70. Marubani, mafundi, wapiga mizinga ya kutungulia ndege. Nendeni kwa fundi kwanza, huwa hajaulizwa, na hajapata muda wa kunoa hadithi. Mkipata daftari lolote, pigeni picha kila ukurasa pamoja na jalada, na hasa kurasa za nyuma, ambako daftari za Kiingereza ziliweka tathmini ya uwezo na orodha ya ndege alizoruka mtu. Mkikuta kikaratasi kimebandikwa, kipigeni picha kikiwa palepale kabla ya kukifunua, halafu mkifunue taratibu kwa wembe butu, maana gundi za zamani zinang'oa wino wa chini.